Kahawa Imemwagika, Mtu Kasema Sori

Juzi Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, bodaboda mmoja alipita kwenye kona yetu hapa Magomeni akikwepa dimbwi. Dimbwi alilikwepa. Alichogonga ni benchi. Benchi likasukuma jiko, jiko likayumba, na birika la mzee wa kahawa likalala kifudifudi juu ya mkaa. Moshi ukatupiga usoni wote tuliokuwepo, na sinia la kashata likaishia kwenye tope. Kijana hakuzima injini. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na helmeti. Aligeuza shingo kidogo, akasema, "Sori, mzee," kisha akaendelea kumwambia wa kwenye simu kwamba ameshafika, atoke nje. Huyoo!

Mie nikasonya. Fundi viatu akasonya. Hata mama wa chapati, ambaye hasonyi mpaka adaiwe, alivuta msonyo mrefu wa kutosha kugeuzia chapati mbili.

Mzee wa kahawa hakusonya. Aliokota birika, akalichungulia ndani kama daktari anavyochungulia koo la mtoto, halafu akauliza swali lililotuweka pale mpaka adhuhuri: "Hiyo sori aliyonipa, ni pole au ni samahani?"

Utasema watu wa vijiweni hatuna kazi. Kweli hatuna, lakini swali la mzee lina uzito wake. Kwa Kiswahili, pole ni zawadi. Anayeitoa hajakosa kitu. Nikikukuta umefungwa hogo mguuni nitakupa pole, na hakuna hakimu atakayesema basi mie ndiye niliyekuvunja. Umetoka kazini, pole na kazi. Umeshuka basi la Mwanza, pole na safari. Umenunua kochi likakataa kupita mlangoni, pole pia. Ukifiwa, pole inaletwa na watu wazima waliojifunga kanga, tena ina bahasha, ndiyo maana tukaiita mkono wa pole. Na anayepokea hujibu asante, au hujibu nishapoa. Nishapoa! Hebu sikiliza lilivyo tamu: mtu kaungua, kapuliziwa, kapoa.

Samahani ni mnyama mwingine. Hiyo ni ombi. Imetoka kwa Waarabu pamoja na samehe na msamaha, na mzizi wake huko unabeba ukarimu, kutoa kwa moyo mweupe. Anayeomba anajua kuna kitu cha mtu amekiharibu, na mwenye kitu ana haki ya kukataa. Kunradhi nayo ni hivyo hivyo: kwa Kiarabu unamwambia mwenzio kuwa radhi, ridhika nami. Asiporidhika, unalo. Najua siku hizi samahani tumeigeuza ya kuulizia njia, "samahani dada, kituo cha daladala kiko wapi," lakini hata hapo kuna kosa dogo linaloombewa ruhusa: umemsimamisha mtu wa watu juani.

Sasa sori. Sori ni ndumilakuwili. Inakula kwa pole na inakula kwa samahani, na ukiikamata huku inatokea kule.

Kwenye kijiwe chetu yupo mwalimu mstaafu tunayemwita Ticha, aliyefundisha Kiingereza tangu enzi za chaki za kugawana. Huyu ukimgusia neno la Kiingereza umempa kazi ya siku nzima. Akaweka kete yake ya drafti chini, akakohoa.

"Kwanza kabisa," akasema, "sorry si kitenzi. Ni kivumishi. Ukisema I am sorry unaeleza hali yako wewe, kama unavyosema mimi mrefu, mimi mgonjwa."

"Hali gani hiyo?" akauliza mzee.

"Maumivu."

Na hapo ndipo kikao kilipoanza. Waingereza wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa maelezo ya Ticha, walikuwa na neno sār, yaani kidonda, maumivu. Hilo leo ni sore, neno la mtu mwenye koo linalouma. Humo wakatoa sārig, mwenye maumivu, mwenye kusononeka. Ile a yao ndefu ikaja kugeuka o, kama ilivyofanya kwenye maneno kibao: stān, jiwe, likawa stone, hām, nyumbani, likawa home. Sārig likapita njia hiyo hiyo likafika kwetu likiwa sorry. Wengi hudhani ni ndugu wa sorrow, huzuni. Wala. Sorrow limetoka kwa sorh, ukoo mwingine kabisa, ambao kwa Wajerumani umezaa Sorge, wasiwasi. Sorry na sorrow ni majirani tu, wamekaa ukuta kwa ukuta karne nyingi mpaka wakaanza kufanana sura.

Ndugu wa damu wa sorry kule Ujerumani ni sehr, ambalo siku hizi maana yake ni "sana" basi. Lilianza kuuma, likaishia kuwa la kukoleza. Fundi viatu akasema haoni ajabu yoyote, mbona na sisi tunasema nzuri kinoma, na noma yenyewe ni balaa? Ticha akamtazama kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu asiye na cheti.

"Halafu kuna sorry nyingine," akaendelea, "ya kitu kilichochakaa, kilicho hoi. Nyumba imeinama, gari limeoza, Mwingereza atasema a sorry sight."

Mzee wa kahawa akaliinua birika lake lenye mdomo uliopinda. "Basi sori ndiyo hii hapa."

Tulicheka, lakini Ticha hakuwa amemaliza. Kwa maana ya kitabuni, akasema, kijana wa bodaboda alipopita na sori yake alikuwa anatutangazia kwamba yeye anaumia.

"Imwagike kahawa yangu, aumie yeye?"

"Ndivyo sarufi inavyosema."

Hapo sasa mzee akasonya. Msonyo wa mtu wa miaka sabini na kitu, ulioanzia kwenye visigino.

Mie nadhani kiini cha ugomvi kiko hapo. Pole inakuendea wewe uliyeumia. Samahani inakuendea wewe uliyekosewa. Sorry inabaki kwa msemaji, inaeleza hali ya hewa ya moyoni mwake. Ukishaambiwa mtu anaumia, unamfanyaje? Unampa pole! Yaani umemwagiwa kahawa na wewe ndiye unayetakiwa kubembeleza.

Ticha ana kisa chake cha pale alipokuwa akifundisha. Alikuja msichana wa Kizungu wa kujitolea, mwezi wa kwanza tu, akajikwaa kwenye ngazi ya darasa akaanguka na madaftari yake. Watoto arobaini wakasimama kwa pamoja: "Sorry, madam!" Yule binti akashangaa. Akawaambia kwa upole kwamba si kosa lao. Watoto wakaangaliana. Nani kasema ni kosa letu? Walikuwa wanampa pole kwa kukopa neno la kwake, na yeye akaipokea kama ungamo. Ticha anasema alijaribu kumweleza kwenye chumba cha walimu akashindwa, kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la pole. Wana maneno ya msibani, wana maneno ya mgonjwa, ila la mtu aliyejikwaa tu, au aliyetoka kazini amechoka, hawana. Kiingereza cha huku kwetu kimeziba pengo hilo kwa kuitwisha sorry mzigo wa pole, na mtu akitoka nacho Dar akafika London anaonekana anaomba radhi siku nzima kwa mambo yasiyomhusu.

Lakini London nako si salama. Yupo mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Kate Fox, aliyeandika kitabu kuhusu watu wa kwao, Watching the English, kikatoka mwaka 2004. Mama huyu alizunguka mitaani na stesheni akiwagonga watu makusudi kwa bega, ahesabu wangapi watasema sorry. Waliogongwa, narudia, waliogongwa, wengi ndio waliosema sorry. Mama wa chapati akauliza huyo mwanamke alikuwa analipwa na nani kwa kazi hiyo, maana hata yeye ana mabega. Na Waingereza hao hao wana mchezo wa ubaoni, ndugu wa ludo, uliotoka miaka ya 1930, ambao ukiipiga kete ya mwenzio na kuirudisha mwanzo unampigia kelele: Sorry! Jina la mchezo ndilo hilo hilo. Utamu wote ni kwamba husikitiki hata chembe.

Kijana wa miamala ya simu, ambaye kibanda chake kimetazamana na benchi letu, akachomoza kichwa dirishani. Alitaka kujua kama kuna mahakama inayoweza kumbana mtu kwa sababu alisema sori. Ticha akasema ndiyo maana mawakili waliliogopa neno hili miaka mingi: ukigonga gari la mtu ukasema sorry, wakili wake atakuja nalo kortini kama ungamo. Jimbo la Ontario kule Kanada lilitunga sheria mwaka 2009 kwa ajili ya jambo hilo moja, kwamba kusema sorry, hata kama kunaonyesha umekosa, hakutumiki kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya madai. Fikiria, bunge zima limeketi, limepigia kura sori.

Na kuna ile ya ndege. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China, karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina akapotea baharini. Ya Marekani ikajikokota ikatua Hainan hapo hapo, ikiwa na watu 24, wakashikiliwa. China ikasema tuombeni radhi. Marekani ikasema hatujakosa. Siku 11 zikapita watu wazima wakitafuta neno. Mwishowe balozi wa Marekani akapeleka barua yenye very sorry mara mbili: moja kwa ajili ya rubani aliyepotea, ya pili kwa sababu ndege ilitua bila kupewa ruhusa ya mdomo. Beijing wakaisoma kwa Kichina wakawaambia wananchi wao: mmeona, wameomba radhi. Washington wakaisoma kwa Kiingereza wakawaambia wa kwao: hatukuomba radhi, tumetoa masikitiko. Wote wawili waliisoma barua moja, na wote wawili hawakudanganya. Watu 24 wakapanda ndege wakarudi makwao, shukrani kwa ndumilakuwili.

"Kumbe lina kazi," akasema fundi.

Lina kazi sana. Waaustralia waligombana juu yake miaka na miaka. Watoto wa wenyeji wa asili walinyakuliwa kwa wazazi wao kwa vizazi kadhaa, na ripoti ya mambo hayo ilipofika bungeni mwaka 1997, waziri mkuu wa wakati huo, John Howard, alikuwa tayari kutaja masikitiko lakini sorry la serikali likamgoma. Mei 2000 watu wakavuka daraja la bandari ya Sydney kwa miguu, umati wa kumwaga, na angani ndege ikaandika kwa moshi neno moja, Sorry. Likasomeka, likapeperuka. Serikali ilikuja kulitamka tarehe 13 Februari 2008, kwa kinywa cha Kevin Rudd. Na kinachonigusa mie ni kwamba wenyeji wale, kwenye Kiingereza chao, msiba na matanga huviita sorry business. Shughuli ya sorry! Yaani wao walilipokea neno wakalirudisha kwenye kidonda lilikotoka.

Ilikuwa imefika saa nne. Mzee alikuwa amekoka mkaa upya na birika limeanza kuimba, japo kwa sauti ya upande. Ndipo mazungumzo yakafika kwetu, na sauti zikapungua.

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia wazee wa Kenya walioteswa na utawala wa kikoloni miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau. Wazee hao walifungua kesi London mwaka 2009, na serikali ilikuwa imehangaika kuizima ikashindwa. Hague alikiri kwamba Wakenya waliteswa. Akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, na neno alilolichagua ni regret. Akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo humo, na mnara wa kumbukumbu, ambao ulikuja kuzinduliwa Nairobi mwaka 2015. Kisha, akiwa bado amesimama, akasema serikali yake inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa yaliyotendwa na utawala ule.

"Kalipa, lakini hajakosa," akasema mzee.

"Kalipa, lakini hajakosa."

Miaka 10 ikapita. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akawa mgeni kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi. Kabla ya ziara, watetezi wa haki za binadamu wa Kenya walishasema wazi wanataka aombe radhi, radhi iliyonyooka, bila kona. Mfalme akasema ukatili ule hauna kisingizio. Akataja huzuni kubwa, akataja majuto mazito. Ticha aliifuatilia hotuba ile kwenye simu kwa kalamu na karatasi, mazoea ya kusahihisha mitihani hayamtoki. Sorrow aliisikia. Regret aliisikia. Sorry hakuiona, apology hakuiona. "Alipita kwa jirani," akasema Ticha. "Mlango wenyewe hakuugonga."

Tena hilo apology wanalolidai, akaongeza pembeni, nalo lina historia ya kuchekesha. Kwa Wagiriki apologia ilikuwa hotuba ya kujitetea. Kile kitabu cha Plato kinachoitwa Apology, Socrates yumo kizimbani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo na haombi radhi hata nukta, anajitetea mpaka wanamhukumu kifo. Kwa hiyo hata neno lao la kuombea radhi lilizaliwa likibisha.

Turudi nyumbani. Siku moja baada ya dhifa ile ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Vita ya Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na majeshi kuchoma mashamba na maghala, inakadiriwa iliua watu mpaka 300,000. Mbele yake walikaa wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye fuvu lake linaaminika lilipelekwa Ujerumani. Steinmeier akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wale. Alisema kwa Kijerumani, na neno lilikuwa Verzeihung. Msamaha. Hilo halina pole ndani yake. Ni ombi, na aliyeombwa anaweza kusema hapana. Kuhusu fuvu akasema watajaribu kulitafuta.

Mama wa chapati akaifuta mikono kwenye kanga. "Na fidia?"

Pale hakuitangaza.

Basi kijiwe kikagawanyika. Fundi viatu yuko na Hague: neno halijazi tumbo, nipe changu useme unavyotaka. Kijana wa miamala yuko na Steinmeier, kwa sababu hela itaisha lakini neno likishatamkwa mbele ya wajukuu halirudi mdomoni. Mfalme hakupata mtu wa kumtetea, ila mama wa chapati alisema angalau alikuja, wako waliokosa na hata nauli hawajatoa. Mzee wa kahawa aliwasikiliza wote, akamimina kikombe, akasema: "Nipeni wote watatu ndani ya mtu mmoja, nitamsamehe."

Nikaona tunawasema sana wenzetu. Nikauliza, na sisi je? Maana Kiswahili kilitupa maneno mawili safi, kila moja na kazi yake, na tumeyafanyaje? Umeme ukikatika, maji yakikatika, tangazo ni lile lile: tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Utakaojitokeza! Kama vile usumbufu ni mgeni anayekuja kwa miguu yake, hakuna aliyemtuma. Msanii akitukana watu jukwaani, kesho yake anaandika kwamba kama kuna yeyote aliyekwazika, anaomba radhi. Ile kama ndiyo inayoniua. Ina maana usipokwazika hakuna kosa, na ukikwazika tatizo ni moyo wako mwepesi. Mheshimiwa naye akisema la hovyo, eti alinukuliwa vibaya, lakini kwa aliyekwazika, radhi. Hiyo si sori ya Mwingereza? Ni sori tupu, imevaa kanzu.

Na ikikaribia Ramadhani ndiyo usiseme. Simu inaanza kulia tangu alasiri: ndugu yangu, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutokujua, nisamehe kabla ya mwezi mtukufu. Asili yake ni jambo jema sana. Zamani mtu alivaa kofia akaja mpaka barazani kwako, akakaa, akanywa maji, akashindwa kuanza, akaanza. Sasa imekuwa ya kusambaza. Mwaka jana nilitumiwa na mtu anayedaiwa na mie laki mbili na nusu. Kanitumia mie, kawatumia na wengine mia mbili, kwa kidole kimoja. Nikamjibu: umenikosea kwa kujua. Hajajibu mpaka leo, na Ramadhani nyingine hiyo imeshapita.

Fundi akasema basi tuachane na haya maneno ya watu, kijana aseme tu nimekosa. Nimekosa, nisamehe. Ticha akakubali kwamba hilo ndilo kitenzi, lina mtu na lina tendo, haliponyoki. Ndiyo maana, akasema, ni gumu kulisema ukiwa juu ya pikipiki.

Adhana ya adhuhuri ikatutawanya.

Saa kumi na mbili jioni kijana karudi. Safari hii hana abiria, na pikipiki kaizima tangu kwenye nguzo ya umeme akaisukuma kwa mguu mpaka kwenye benchi. Helmeti kaivua, kumbe ni mtoto mdogo tu, ndevu hazijaamua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akaagiza kahawa. Drafti ikasimama, hata kijana wa miamala aliacha mteja wake anahesabu noti. Akanywa kikombe cha kwanza kimya, akiliangalia birika na mdomo wake uliopinda. Akanywa cha pili. Akafungua kinywa, akakifumba. Kisha akatoa noti ya shilingi 5,000, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye benchi na kikombe juu yake.

"Hiyo chukua, babu."

"Ya nini?" akauliza mzee. "Kahawa mbili ni mia nne."

"Najua. We chukua tu."

"Nauliza ya nini, mwanangu."

Kijana akavaa helmeti. "Ya... we chukua tu, babu." Pikipiki ikawaka.

Ticha, bila kuinua macho kwenye drafti, akasema kwa sauti ya chini: "2013."

Tulikaa mpaka baada ya isha. Mzee alizima mkaa, akafunga kashata zilizobaki kwenye gazeti, akasuuza vikombe vyote isipokuwa kile kimoja. Noti ilikuwa bado iko chini yake, upepo unaichezea pembe, na fundi viatu keshasogeza kigoda chake karibu.